Imani ya nani? Muujiza wa mtu alieteremshwa darini na maswali ya watoto wetu

Kisa cha yule mtu aliepooza, wenzake wanne wakampandisha juu ya nyumba wakamteremsha kupitia darini mpaka mbele ya Yesu, ndio kisa ambacho kila mwalimu wa skuli ya Jumapili anakikimbilia, na mie nilikuwa hivohivo, maana kina kila anachokitaka mtoto: watu kupanda juu ya nyumba ya mtu, kutoboa dari, udongo unawadondokea wakubwa vichwani, halafu mgonjwa anasimama anajitwika alichokuwa kakilalia anaondoka zake. Unamalizia na wimbo, watoto wanarudi makwao wamefurahi. Nimekifundisha miaka na miaka huku Ng'ambo, Unguja, bila ya kuona kuwa ndani yake mna mafundo ambayo usipomfungulia mtoto atayafungua mwenyewe, na akiyafungua vibaya anayeumia ni mtoto mwenzake.

Darasani kwangu yumo kijana wa miaka tisa ana mtindio wa ubongo, miguu haimchukui, mamake humleta na kigari, akifika pale mlangoni penye ngazi tatu anambeba. Siku hiyo nimefika pale Yesu anaposema "umesamehewa dhambi zako", akanyoosha mkono mtoto mmoja wa kike, wala si mkorofi, anauliza tu kwa kutaka kujua, akasema, "Mwalimu, kwani alifanya dhambi gani mpaka akapooza?" Na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye kigari. Darasa zima likageuka kuangalia huko. Yule kijana akainamisha kichwa akawa anachezea mkanda wa kigari chake, anaufungua anaufunga, anaufungua anaufunga, ule mlio wa kile kifungo ndio ninaousikia mpaka leo.

Siku ile sikuwa na jibu la maana, nilisema tu tuimbe. Haya ninayoyaandika nimekuja kuyakusanya baadae, kwa kusoma na kuuliza na khasa kwa kuwasikiliza watoto wenyewe, nawaandikia walimu wenzangu na wazazi.

Tuanze na nyumba kwanza, maana mtoto hawezi kufika kwenye maana kama hajaiona picha. Kisa kimo katika Marko sura ya 2, Luka 5 na Mathayo 9, ila Mathayo hakutaja dari kabisa. Mji ni Kapernaumu, mji wa wavuvi ukingoni mwa ziwa la Galilaya. Wachimbuaji wa mambo ya kale walipofukua pale, kuanzia mwaka 1968, walikuta nyumba za mawe meusi ya volkano, kuta hazina msingi wa maana wala haziwezi kubeba paa zito, ndio ikafahamika kuwa juu waliezeka kwa miti, matawi na udongo ulioshindiliwa. Sasa ukimwambia mtoto wa bara "wakatoboa paa" anaona bati, na bati halitobolewi kwa mikono. Lakini mtoto wa Unguja ana bahati, mpeleke Mji Mkongwe kwenye gofu lolote lililoanguka ukuta mmoja muoneshe zile boriti za mikoko zilivopangwa, juu yake mawe, udongo na chokaa, juu kabisa bapa mtu anaweza kutembea na kuanika nguo. Nyumba za Kapernaumu zilikuwa nyepesi kuliko hizo, ila akili ni ileile. Mtoto akishaona hivo anaelewa mwenyewe kuwa wale watu hawakufungua mlango, walichimba. Ilichukua muda, ilipiga kelele, na chini watu walikula vumbi.

Na hilo neno "godoro". Biblia yetu ya Muungano inasema waliteremsha godoro, na watoto wangu wote wanaona godoro la sponji, inchi sita, wanacheka vipi limepita. Neno la Kigiriki alilotumia Marko ni krabattos, kitanda cha maskini, kitu chepesi cha kukunja. Mie nawaambia mkeka. Kamba nne, pembe nne, watu wanne, na wote wanne lazima waachie kamba sawasawa maana mmoja akiwahi tu mgonjwa anamwagika. Hapo watoto wananyamaza kimya, kila mmoja anaishika ile kamba kichwani mwake.

Sasa fundo lenyewe. Kabla ya kumponya, Yesu alimsamehe dhambi. Mtoto akisikia hivo anafanya hesabu ya haraka: kasamehewa ndio kapona, kwahivo aliugua kwa sababu ya dhambi, kwahivo fulani wetu nae kuna kitu kafanya, au kafanya mamake. Hesabu hii wala si ya watoto peke yao, wakubwa tunaifanya kimoyomoyo, na mitaani utaisikia waziwazi, mtoto akizaliwa na ulemavu basi mama ndie wa kwanza kuulizwa.

Wanafunzi wa Yesu nao waliifanya. Yohana 9 wamemuona mtu kipofu tangu kuzaliwa, wakauliza palepale nani katenda dhambi, huyu au wazazi wake? Akawajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake". Sentensi hiyo nnataka kila mtoto aijue kwa moyo kabla hajaijua hadithi ya Samsoni. Akaendelea kusema ni ili kazi za Mungu zidhihirishwe, na hapa naomba mwalimu asiende mbio, usije ukamwambia mtoto mwenye ulemavu kuwa Mungu kamfanya hivo ili awe maonesho. Angalia alichokifanya Yesu baada ya kusema: akatema mate, akafanya tope, akampaka machoni, akamtuma akanawe kwenye birika la Siloamu. Kazi za Mungu pale zilikuwa ni kumshughulikia yule mtu.

Na Luka 13 aliletewa habari za watu waliouawa, yeye akaongezea wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara Siloamu, akauliza mnadhani hao walikuwa wakosefu kuliko wengine wote waliokaa Yerusalemu? Akasema sivyo. Hapa visiwani hatuhitaji kwenda Siloamu kutafuta mfano. Ilipozama MV Spice Islander Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit Julai 2012 karibu na Chumbe, tulizika watu wa kila aina, watoto wachanga, mabibi, wanafunzi waliokuwa wanarudi kwao. Nani atasema wale walikuwa wabaya kuliko sisi tuliobaki gatini? Hayupo, na akiwepo hatumsikilizi. Basi na ugonjwa ni hivohivo.

Msomaji makini ataniambia mbona Yohana 5 Yesu alimwambia yule aliyemponya birikani, asitende dhambi tena lisije likampata baya zaidi? Kweli alisema, siwezi kulificha. Lakini angalia alimwambia nani na vipi: alimkuta hekaluni akamwambia mwenyewe, yeye anayeyajua ya ndani ya mtu. Na ni kweli zipo dhambi zinazoleta maradhi, mlevi ini lake linajua. Ila kutoka hapo mpaka kumuangalia mtoto wa miaka tisa kwenye kigari ukaisoma dhambi miguuni mwake, hiyo njia Yesu hakuipita, na pale walipotaka kuipita wanafunzi wake aliifunga.

Sasa kama hakuwa anaadhibiwa, kwa nini aanze na msamaha? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Kwanza soma neno la mwanzo kabisa lililomtoka: "Mwanangu". Mtu mzima yule, kashushwa kutoka juu kama mzigo, vumbi kichwani, watu wote wanamuangalia, pengine ana haya ya kufa mtu, na maisha yake yote kasikia minong'ono ileile ya nani katenda dhambi. Yesu hakuanza na miguu. Alimwita mwana kwanza, akamwambia umesamehewa, yaani hakuna deni kati yako na Mungu. Yale waliyokuwa wakimnong'onea yakaisha mbele ya haohao. Mie naamini yule mtu angerudishwa juu na kamba zilezile bila ya kupona angekuwa keshapata kitu. Watoto wanalielewa hili haraka kuliko tunavodhani, mtoto aliewahi kutengwa kwenye mchezo anajua kuitwa kunavyoponya.

Waandishi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, waliokaa pale wakawaza moyoni, huyu anakufuru, nani awezae kusamehe dhambi isipokuwa Mungu? Yesu akawauliza, kipi chepesi, kumwambia umesamehewa, au kumwambia ondoka ujitwike godoro lako uende? Swali hili wakubwa wengi wanalipita bila kulielewa. Kusema "umesamehewa" kwa mdomo ni rahisi kwa sababu hakuna wa kukukagua, kitu hakionekani. Kusema "simama" ni khatari, maana asiposimama umeumbuka hapohapo. Basi akafanya linaloonekana ili watu waliamini lisiloonekana.

Niliwapa watoto mfano wa simu. Mama anakwambia nishakurushia pesa, utajuaje kama kweli? Wote: "Meseji inaingia!" Ehe, msamaha ndio pesa, na kusimama kwa yule mtu ndio meseji. Nikajiona nimepatia. Mtoto mmoja, hawa watoto wasikuchezee, akauliza, "Kwahivo ambae meseji haijaingia hana pesa? Ambae hajapona hajasamehewa?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Jibu limo katika neno moja la Marko 2:10 nililokuwa nimelipita mara mia, "lakini mpate kujua". Mpate, nyinyi, wengi. Hakusema "upate kujua". Yule aliepooza hakuhitaji meseji, yeye keshaambiwa mwanangu na imemtosha, hatusomi popote kuwa alilalamika. Waliokuwa na shaka ni waliokaa kitako, ndio meseji ikapelekwa, ikaingia kwenye simu ya mmoja ikasomwa na nyumba nzima, na sisi tunaisoma leo. Haina haja ya kurudiwa kwa kila mtu ndio msamaha wake uwe wa kweli. Jumapili ya pili nikamwambia yule mtoto hivo, akafikiri kidogo akasema, "Kama kwenye grupu." Nikasema ndio, kama kwenye grupu.

Kuna jengine ambalo mwalimu wa bara pengine halimfiki ila sisi hapa linatufika kila wiki. Watoto wetu ni wachache, skuli wanakaa dawati moja na watoto wa Kiislamu, jioni wenzao wanatoka chuoni, kusoma Kurani, wanacheza pamoja. Akienda na kisa hichi mwenzake atamwambia, "Sie pia tunacho, Nabii Isa aliponya vipofu na wakoma", na ni kweli, imo katika Kurani, sura ya Aal Imran aya ya 49, kuwa Isa bin Maryam alifanya hayo kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Mfundishe mtoto asibishane, aseme ni kweli na afurahi kuwa mwenzake anamjua. Tunapoachana ni pale kwenye kusamehe dhambi, sisi tunaamini alikuwa na amri hiyo mwenyewe, wenzetu hawaamini hivo, na ukiangalia vizuri ndipo palepale walipokwama wale waandishi Kapernaumu. Mtoto akiambiwa mapema, kwa upole, wapi tunakutana na wapi tunaachana, hatapigana na mtu uwanjani, na hataona haya ya imani yake.

Sasa nije kwenye fundo linaloniuma kuliko yote. Mahubiri mangapi tumesikia ya "ukiwa na imani utapona", na mtoto mgonjwa akakaa palepale anajipima, mbona mie naomba kila usiku? Bila shaka imani yangu ndogo. Yaani tunamuongezea ugonjwa wa pili. Hebu rudi kwenye Marko 2:5, "Naye Yesu, alipoiona imani yao". Yao. Neno hilo kwa Mswahili halihitaji kufasiriwa, na Kigiriki chake nacho ni wingi vilevile. Imani iliyoonekana siku ile ni ya watu waliokuwa juu wanachimba, jasho linawatoka, imani yenye udongo kwenye kucha. Mgonjwa mwenyewe Marko hakumuandikia hata neno moja la kusema. Huenda nae alikuwa na imani, huenda siku hiyo alikuwa kachoka hata kuomba, na haikumzuilia kitu.

Kwahivo ukitaka kuwauliza watoto swali baada ya kisa hichi usiwaulize "je, una imani ya kuponywa?" Waulize "nani darasani humu anahitaji kubebwa, na wewe utashika pembe ipi?" Mie nilipowauliza, mmoja akasema atakuja mapema asaidie kwenye zile ngazi tatu. Mwengine akasema baba yake fundi seremala. Sasa pana ubao wa mteremko pale mlangoni, umepigwa misumari vizuri, mama hambebi tena.

Na wasiopona? Usiwafiche watoto kuwa Biblia yenyewe inao. Kwenye lile birika la Yohana 5 kulikuwa na wagonjwa wengi wamelala chini ya matao matano, tunasoma habari ya mmoja tu aliekuwa na miaka 38 ya ugonjwa. Paulo, pamoja na miujiza yote iliyopita mikononi mwake, alimuacha mwenzake Trofimo katika mji wa Mileto, hawezi (2 Timotheo 4:20). Yeye mwenyewe alikuwa na mwiba katika mwili, akaomba mara tatu uondoke, haukuondoka, akaambiwa neema yangu yakutosha. Nani atamwambia Paulo imani yake ndogo? Mtoto akijua kuwa Paulo nae aliomba mara tatu akaambiwa hapana, hukaa sawa kidogo kwenye kiti chake. Kwa nini huyu apone na yule asipone, hilo hatukuambiwa, na mwalimu akisema "sijui, nami namuuliza Mungu" haanguki mbele ya watoto.

La dawa nalo nitalisema kwa ufupi kwa sababu liko wazi. Katika sura hiyohiyo ya 2 ya Marko, mistari michache mbele, Yesu mwenyewe anasema wenye afya hawahitaji tabibu bali walio hawawezi. Luka aliekiandika kisa hichi kwa urefu, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Wamisionari waliojenga kanisa la Mkunazini, jiwe la msingi limewekwa Krismasi ya 1873 palipokuwa soko la watumwa, walijenga na hospitali kwenye kiwanja hichohicho, sala upande huu, bendeji na dawa upande huu. Kwahivo mtu anaemwambia mzazi aache kumpa mtoto dawa za kifafa au za selimundu ili aoneshe imani, huyo si wa kusikilizwa hata akiwa na spika kubwa namna gani. Wakubwa mnaikumbuka 2011, kikombe cha dawa ya miti shamba kule Loliondo, bara, cha shilingi 500, kilichosemwa kinaponya kila maradhi, watu wakatoa wagonjwa vitandani hospitali, foleni ya magari kilomita na kilomita porini, wapo waliofia njiani. Hawakuwa wajinga wale, walikuwa wamekata tamaa, na mtu aliekata tamaa anahitaji watu wanne wenye akili timamu wa kumbeba kumpeleka panapofaa. Wale wa Kapernaumu hawakulipishwa, wala hakuna alieuza kipande cha kamba baadae.

Mwisho wa mwezi tulikiigiza. Nilileta mkeka wa ukili, tukafunga kamba pembeni, dari likawa meza mbili zimeunganishwa. Mie kwa upumbavu wangu nikadhani yule kijana wa kigari ndie atakuwa mgonjwa, nimeshampangia na maneno. Akakataa. Akasema hataki kuwa mgonjwa, mgonjwa ni kila siku, yeye anataka kuwa mwenye nyumba. Kila mtu akashangaa, maana mwenye nyumba kwenye Biblia hasemi kitu. Tukamuweka chini ya meza na kigari chake, mgonjwa akawa yule yule mtoto wa kike aliyeuliza swali la dhambi. Wenzao wanne wakaanza kuchimba, mmoja anamwaga mchanga kidogo kidogo kutoka kwenye kopo, na yeye kule chini akapiga kelele kwa sauti yote aliyonayo, maneno hayamtoki vizuri lakini siku ile yalitoka:

"Nyie! Dari langu! Nani atalitengeneza?"

Kwenye mazoezi hatukufika hapo. Wale wanne wakaangaliana juu ya meza na kamba zao mikononi, mgonjwa ananing'inia, mie sisemi kitu. Mdogo wao, hata miaka sita hajatimiza, akainama akachungulia kwenye tundu.

"Kesho asubuhi tunakuja sote, na chokaa," akamwambia. "Usogee kidogo, tunamshusha."

Akasogeza kigari.